Barua Yenye Mhuri Isiyosomeka

Wakili asiyeona akiwasha kompyuta asubuhi, hana haja ya kipanya. Anavaa spika za masikioni, vidole vinatua kwenye kibodi, na programu inamsomea yaliyo kwenye skrini kwa kasi ambayo mgeni aliyekaa pembeni angesikia mvumo tu. Akiwa kwenye ukurasa wa intaneti, herufi H inamrusha kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Jina la mteja likimtia shaka, anarudi kwa mshale na kulisikiliza herufi moja moja.

Kisha inaingia barua kutoka ofisi ya umma, na sauti inanyamaza.

Barua yenyewe iliandikwa kwa kompyuta, tena na katibu muhtasi hodari. Ikachapishwa ili bosi asaini, ikagongwa mhuri, ikapita masjala kuskaniwa, ndipo ikatumwa kwa barua pepe. Katika mzunguko huo maandishi yakageuka picha. Ipo njia ya kuilazimisha picha iseme, kwa programu inayotambua herufi, lakini karatasi ikiwa imeskaniwa kombo, au mhuri ukiwa umetua juu ya tarehe ya shauri, kinachotoka ni vipande vya maneno. Na tarehe ya shauri ndiyo hasa wakili aliyokuwa akiitafuta.

Zamani kisingizio kilikuwa bei. Leseni ya programu ya kusoma skrini iliuzwa kwa mamia ya dola, na mwajiri alikuwa na la kusema. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kutengeneza programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, baadaye akashirikiana na James Teh, rafiki yake ambaye naye haoni. Walifahamiana tangu utotoni, kwenye kambi ya muziki. Hadi leo NVDA ni ya bure, na imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50. Simu nyingi za Android nazo zinakuja na kisoma skrini cha TalkBack ndani yake. Sauti za Kiswahili zipo pia, ingawa mtumiaji akisahau kubadili lugha, sauti ya Kiingereza itaitamka wilaya ya Same kwa namna ambayo Mpare hataitambua.

Vifaa, basi, si tatizo tena. Tatizo ni mazoea ya upande wa pili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sharti jema, lakini mwajiri anaweza kulitimiza kwenye orodha ya mishahara huku mwajiriwa mwenyewe akiletewa kila siku nyaraka asizoweza kuzisoma.

Wengine husema: si amwombe mwenzake amsomee? Ipo hata Be My Eyes, programu iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inayomuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kwa video. Kwa kuangalia tarehe ya mwisho ya paketi ya maziwa, inafaa sana. Lakini jalada la mteja aliyebakwa halisomwi na mtu wa kujitolea, wala na mhudumu wa ofisi aliyepita karibu. Siri ya mteja ni sehemu ya kazi ya wakili, na ofisi inayotuma picha inamlazimisha ama kuivunja ama kuchelewa. Wala si suala la uwezo: Zak Yacoob, asiyeona tangu utotoni, alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini kuanzia 1998 hadi 2013.

Watetezi wa mhuri watasema ndio unaothibitisha kwamba barua ni halali. Sawa, ubaki. Hakuna anayedai ufutwe. Kinachodaiwa ni kiambatisho cha pili: faili lile lile la Word ambalo katibu muhtasi analo kwenye kompyuta yake tangu alipomaliza kuandika. Matangazo ya kazi yanayorushwa WhatsApp kama mabango yafuate utaratibu huo huo, maandishi chini ya picha.

Waraka mmoja wa utumishi wa umma ungetosha kuanzia, ukiagiza kila barua iliyoskaniwa iambatane na maandishi yake. Na wanaouandaa wakumbuke kuutuma hivyo hivyo.