Maumivu Yanayomlaza Binti Kila Mwezi

Ndugu wazazi, binti anayekosa masomo kila hedhi, kumpeleka hospitali si kumdekeza. Huenda ana endometriosisi: tishu mithili ya utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Ikiota kwenye ovari, huvuja damu kila mwezi, nayo hukusanyika ikawa uvimbe wenye majimaji mazito ya kahawia. Chanzo hakijathibitika, ila si husuda ya jirani. Yadhaniwa damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija, na nasaba nayo huchangia. Uvimbe huo huonekana kwa ultrasaundi, na kwa binti asiyewahi kujamiiana huweza kupimwa juu ya tumbo, basi haya isiwazuie. Picha ikitoka safi na maumivu yakadumu, rudini kwa daktari: tishu ndogondogo mara nyingi hazionekani humo.