Chanjo ya Mbwa Ni Suala la Afya ya Binadamu

Katika Ganako na vijiji vingine vya Karatu, mbwa ni mlinzi wa nyumba na mwenzi wa mchungaji. Hatuwezi kuwalaumu wananchi kwa kumfuga. Hata hivyo, mbwa anayezurura bila chanjo haujui mpaka wa hifadhi: leo hukimbiza swala pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, kesho hucheza na watoto uani.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani simba wapatao 1,000. Watafiti waliwahusisha mbwa wa vijiji jirani na mlipuko huo. Distempa haimdhuru binadamu. Lakini njia iliyowafikisha virusi hao kwa simba ndiyo hiyo hiyo inayoweza kupitishwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao, dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Kwa maoni yangu, chanjo ya mbwa haipaswi kuachwa iwe mzigo wa idara ya mifugo peke yake. Halmashauri iihesabu kuwa sehemu ya bajeti ya afya. Wapo watakaosema fedha hazitoshi. Nawakumbusha kwamba aliyeng'atwa huhitaji dozi kadhaa za chanjo na safari kadhaa za kituoni, ilhali mbwa huchanjwa kwa sindano moja na kuchanjwa upya baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili maambukizi yakatike. Kuwaua ovyo hakusaidii: wenye mbwa huwaficha, na waliouawa hufuatiwa na watoto wa mbwa wasio na kinga. Aidha, chanjo ya kichaa haizuii distempa. Pembezoni mwa hifadhi, zote mbili zitolewe kwa pamoja.

Wahudumu wenzangu, mgonjwa wa jeraha la mbwa asitoke kituoni kabla ya kuulizwa: mbwa huyo ni wa nani, amechanjwa, na yuko wapi sasa? Taarifa hiyo imfikie afisa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda mbwa huyo amekwisha kuwang'ata wengine, watu na wanyama.

Nanyi wananchi, oshani jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya bila kungoja dalili. Msipake dawa za mitishamba wala kudharau mkwaruzo mdogo. Mbwa asiye na kazi malishoni abaki nyumbani, na usiku afungwe. Siku ya chanjo ikitangazwa, apelekwe hata kama anaonekana mzima.