Dawa na Muungano Watakapokutana

Huku Nguba ziko njia mbili za kujua kwamba watu wanaingojea mechi ya Dawa na Muungano. Ya kwanza ni redio. Ya pili ni kupita mbele ya kinyozi yeyote na kusimama kidogo: ukiona watu wanne wanasema kwa pamoja, wala hakuna amsikilizaye mwenzake, basi jambo limeiva. Siku hizi njia ya pili ndiyo inayoleta habari upesi, maana tarehe haijatangazwa bado, na kila mtu amekwisha kuyatia matokeo mfukoni.

Mimi sifichi, ni mtu wa Muungano. Mama watoto ni wa Dawa, naye alikuwa wa Dawa kabla hatujafunga ndoa, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuonywa. Watoto wamegawanyika. Yule mdogo hubadili upande kufuatana na nani aliyemnunulia sambaza za kukaanga siku ile. Nyumba za namna hii zimejaa Bukavu, kutoka Ibanda mpaka Bagira, na ndiyo sababu mechi hii haifanani na nyingine. Mazembe wakija kutoka Lubumbashi, au V. Club kutoka Kinshasa, mji wote huwa kitu kimoja, na mgeni anajulikana. Lakini Dawa na Muungano wakikutana hakuna mgeni. Anayekufunga ni mtoto wa jirani, na kesho asubuhi mtakutana naye kisimani.

Mnaniuliza mchezo utakuwaje. Nijuavyo mimi, timu zinazofahamiana hivi hazifungani kwa wingi. Mlinzi wa kushoto anazijua hila zote za yule anayemkabili. Amezijua tangu siku za mpira wa matambara, walipocheza pamoja penye mteremko na mpira ukaenda zake bondeni. Hapo hila ya zamani haifai kitu, na hila mpya haipatikani kwa juma moja. Kwa hiyo bao huja kwa njia ya kona, au kwa mpira wa adhabu, au kwa miguu iliyochoka baada ya dakika ya sabini. Tena mvua yetu haina adabu: kuanzia Septemba yaweza kunyesha wakati wowote alasiri, na mpira uliolowa humponyoka mlinda mlango. Muungano wasiwe na haraka katika robo saa ya kwanza. Dawa hupenda kelele za mwanzo. Zikipita bila bao, watu wao wenyewe huanza kuwanung'unikia. Mama watoto akisoma maneno haya atasema ni chuki tu. Labda.

Sasa yatazameni majina. Timu moja yaitwa Muungano, na nyingine Dawa. Nao uwanja wenyewe, kule Kadutu, waitwa Concorde, yaani Mapatano. Muungano, dawa, mapatano: ungedhani ni mkutano wa kusuluhisha ndugu waliogombania shamba. Lakini neno dawa, kama kila Mswahili ajuavyo, lina mifuko miwili. Katika mfuko wa kwanza mna kidonge cha malaria. Katika wa pili mna hirizi, unga wa kumwaga penye lango, na kitu kilichofukiwa usiku katikati ya uwanja. Si timu yenye jina hilo ninayoishitaki, la hasha. Nasema juu ya pande zote mbili, na juu ya timu nyingi za bara letu. Ziko zinazokataa kupita mlango mkubwa kwa kuhofu walichotegewa, zikaruka ukuta na viatu mkononi, huku watu wazima wakitazama bila kucheka.

Mimi nacheka. Mwaka 2002, katika Kombe la Afrika kule Bamako, Thomas Nkono, mlinda mlango mashuhuri wa zamani wa Kameruni aliyekuwa sasa mmoja wa waalimu wa timu yake, alikamatwa na polisi kabla ya nusu fainali, akishitakiwa kwamba ametupa hirizi uwanjani. Mali walijiona wameokoka. Kisha mpira ukaanza, wakafungwa tatu kwa bila, na Kameruni ikaenda kulichukua kombe. Tena nauliza: kama unga ungeweza kufunga mabao, mbona hadi Kombe la Dunia la 2022 hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imelitwaa? Moroko, waliofika mbali kuliko wote mwaka ule, walipata nafasi ya nne, na walifika hapo kwa ulinzi mzuri na mbio nyingi.

Lakini kuna mahali ambapo kicheko chakoma. Siku ya Dominika, tarehe 14 Septemba 2008, huko Butembo katika Kivu ya Kaskazini, timu mbili za mji mmoja zilikutana, Socozaki na Nyuki. Walikuwa ni watani wa siku zote, kama hawa wetu. Mlinda mlango mmoja akashitakiwa kwamba anafanya uchawi. Wachezaji wakashikana, mawe yakaruka, polisi wakaingilia kwa nguvu, na umati ukakimbilia milango. Watu wapatao 13 walikufa, wengi wao vijana, nao hawakuuawa na uchawi wowote: walikosa pumzi, na waliobanwa walikanyagwa. Kilichoanza ni neno moja tu lililotoka katika kinywa cha mtu mmoja, na wengine wakalipokea bila kuuliza aliona nini.

Nayasema haya kwa sababu mji wetu si ule wa zamani. Bukavu ilishikwa na waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, na tarehe 27 ya mwezi ule ule milipuko ilitokea kwenye mkutano pale Place de l'Indépendance, watu zaidi ya kumi wakafa. Sisi watu wa Nguba twendao Kadutu kwa miguu hupita hapo hapo. Mtu aliyekwisha kukimbia mara moja kuokoa roho yake, akisikia kishindo tena haulizi sababu. Miguu yake hutangulia akili. Mjaze watu elfu wa namna hiyo penye jukwaa, kisha mmoja apige kelele kwamba kitu kimefukiwa penye lango. Tutawashika kwa kamba gani?

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Muungano, na ninyi shemeji zangu wa Dawa, mlinda mlango akiinama karibu na mwamba, yawezekana anafunga kamba ya kiatu. Kama mmeona jambo la ajabu kweli, yuko kapteni, na kapteni ana ruhusa ya kusema na mwamuzi. Shabiki aliyeko juu ya ukuta hana kazi hiyo. Wazazi mtakaokwenda na watoto, fikeni mapema, mjue mlango mlioingilia na mlango mwingine ulio karibu, na msikae pale watu wanapobanana na ukuta. Mwambieni mtoto mahali pa kuwangojea kama mkipotezana: kwetu sisi ni chini, upande wa soko la Kadutu, kwa mama mmoja auzaye ndizi, naye amekwisha kukubali. Waalimu mtakaopeleka wanafunzi wenu, wapangeni wakubwa kwa wadogo, wawili wawili.

Siku itakapotangazwa, sisi tutaondoka Nguba saa sita mchana, tupite La Botte na Nyawera bila haraka, kwani mlima wa Kadutu haumhurumii mtu aliyetoka kula. Matokeo yangu ni haya: Muungano mawili, Dawa moja, na bao la mwisho kwa kona. Mama watoto asema watatoka sare. Nimeshangaa, maana kwa kawaida hunipa tatu kwa bila.