Neno la Mhariri: Nani Atajaza Mtungi wa Gesi?

Mama wa Kihesa, hapa Iringa, aliyepasuliwa tumbo kutolewa mfuko wa nyongo hurudi nyumbani na mshono mrefu chini ya mbavu. Huambiwa asibebe ndoo wala asishike jembe kwa wiki kadhaa. Kama mvua za Desemba zimekwisha kuanza, shamba la mwaka huo ndilo limekwenda. Angepasuliwa kwa matundu madogo, mengine ya milimita 5 tu, angerudi kwenye matuta yake mapema zaidi. Upasuaji huu huonekana anasa ya mjini. Sisi tunaona anayeuhitaji kuliko wote ni yule asiyelipwa siku anayolala.

Njia yenyewe si ngeni. Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa matundu huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1980; Erich Mühe akatoa mfuko wa nyongo mwaka 1985, na wenzake wakambeza. Ugumu uko mikononi. Daktari hutazama skrini, halitazami tumbo. Mkono ukienda kulia, ncha ya chombo ndani huenda kushoto. Vidole vilivyozoea kupapasa nyama sasa vinahisi chuma. Bingwa wa miaka 10 huwa mwanagenzi tena, na semina ya siku tatu haimtoshi. Anahitaji sanduku la mazoezi lenye kamera, nyuzi za kufunga na kufungua hadi usiku, kisha mgonjwa baada ya mgonjwa mbele ya mwalimu, ajue pia wakati wa kuacha matundu na kufungua tumbo mambo yakienda mrama.

Kwa hiyo tunaunga mkono ubingwa bobezi, lakini si ule wa kumpeleka mtu mmoja ng'ambo na kumngoja uwanja wa ndege. Akirudi, akakuta mtungi wa kaboni dioksidi, gesi ya kuinua tumbo, ni mtupu, lenzi imepasuka, na muuguzi hajafundishwa kutakasa vyombo vile, mkono wake utapoa kabla mwaka haujaisha. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, huwafunza madaktari wa upasuaji wakiwa kazini katika hospitali za ukanda huu. Katika hospitali ya KCMC kule Moshi, kwenye ushirikiano wake na madaktari wa Northumbria, Uingereza, walimu ndio waliofunga safari.

Nyanda za Juu Kusini zinastahili hivyo hivyo: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iwe darasa, Iringa ipeleke timu nzima kwa pamoja, yaani daktari, muuguzi, mtaalamu wa usingizi na fundi wa vifaatiba. Hapo mgonjwa wetu hatalazimika kusafiri karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam kutafuta tundu la milimita 5.

Ndiyo maana katika toleo hili tumeanza na wauguzi wa chumba cha upasuaji. Madaktari wanafuata.