Tulikula Brussels, na Tulilipa

Kwa mama, kwa baba mdogo, kwa mashemeji na mawifi, kwenu nyote mlioko Kabambare, Wamaza na Kasongo,

Picha mmeziona, na majibu yenu nimeyasoma. Kaka ameandika kwamba sasa tumekuwa wazungu. Shangazi ameuliza imekuwaje mama wa watoto watatu anakula huku anatembea barabarani, kama mtu asiye na nyumba. Na mwingine, simtaji, ameuliza zile pesa za kwenda kutembea Brussels zingenunua mabati mangapi. Huyo wa mabati nimjibu haraka: pesa ya mabati ilitumwa, ikafika, na aliyeipokea anajijua. Hii ilikuwa nyingine. Tuliiweka kidogo kidogo tangu msimu wa baridi, kwa ajili ya watoto kuona mji, na sioni haya kuisema.

Shangazi ndiye ninayetaka kumjibu kwa kirefu, kwa kuwa ameuliza jambo la maana.

Kwanza hilo la kutembea. Kwetu nani hutembea bure? Ukimkuta mtu kwenye barabara ya Kasongo ana kitu: baiskeli iliyolemewa na madumu ya mawese, kitunga cha muhogo kichwani, mtoto mgonjwa mgongoni. Miaka ya vita tulitembea kuliko watu wote, na hakuna aliyetupiga picha. Miguu yangu ilizoea kwamba njia ni ya kufika. Kwa hiyo tuliposhuka Brussels nikaanza kuwahimiza watoto, pita hapa, vuka pale, mpaka wifi, anayeishi huko, akanishika mkono. "Mama Furaha, unakwenda wapi?" Nikakosa la kusema. Tulikuwa hatuendi mahali. Tulikuwa tumekuja kutembea tu, basi, na mchana wote ulikuwa wetu.

Uwanja mkubwa wa mji, Grand-Place, mmeuona kwenye picha, zile nyumba zenye dhahabu juu. Wafaransa waliupiga mizinga mwaka 1695 ukaungua karibu wote, na wenye mji wakaujenga upya kwa miaka michache. Ni mzuri, siwezi kukataa, lakini shingo huchoka kutazama juu. Watoto walichotaka ni kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, Manneken Pis. Watu wamejazana, simu zote hewani, kumbe chenyewe hakifiki hata kiuno cha mtoto wangu wa mwisho. Kina nguo zaidi ya elfu moja, zilizoletwa zawadi kutoka nchi mbalimbali. Mtoto wa mwisho akauliza kama nacho kinafuliwa na mama yake.

Sasa chakula. Wabelgiji wana vibanda vya frite kila kona, na watu wazima wenye suti na mikoba ya ofisini wanapanga foleni pale kama watoto wa shule. Viazi ulaya, ambavyo kwetu huletwa kutoka milima ya Kivu, hapa vinakatwa vinene na kukaangwa mara mbili: kwanza kwenye mafuta ya moto wa kadiri, mpaka viive ndani bila kuwa vyekundu, vinatolewa vipumzike, kisha vinarudishwa kwenye mafuta makali zaidi, ndipo vinapata ngozi inayolia mdomoni. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea nyumbani, tunataka kumaliza kazi kwa mkaango mmoja. Mafuta ya asili ya kazi hii ni ya ng'ombe. Wifi, ambaye mnajua alivyo na dini yake, hanunui mpaka aulize, na kama ni mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali anatafuta kibanda kinachotumia mafuta ya mimea. Viko, na muuzaji hakasiriki kuulizwa.

Wanakupa vikiwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, na mayonezi juu, karibu euro tano. Viti hakuna. Shangazi, hapo ndipo ulipotuona. Mimi nililelewa na nyinyi kwamba mtu mzima hali njiani. Anayekula njiani ama ni mwizi, ama anawanyima wenzake. Kwa hiyo nilitafuta benchi. Baba Furaha naye aligeukia ukuta, akala kama mtu anayefanya jambo la siri, watoto wakamcheka. Lakini tazama watu wa pale wanavyofanya: mmoja ananunua, na mikono minne inaingia kwenye karatasi ileile. Ni sahani moja inayotembea. Sisi wenyewe tukaishia hivyo, watu watano, karatasi mbili, tukishuka na barabara polepole kwa kuwa huwezi kukimbia na mayonezi. Nadhani adabu uliyotufundisha ilihusu unyimi kuliko ilivyohusu njia. Ukikataa, nitakusikiliza.

Gofre nazo ziko za namna mbili, na wenyewe wanabishana. Ile ya Brussels ni ya pembe nne, nyepesi, na unga wa sukari juu. Ile ya Liège ni nzito, kingo zake hazikunyooka, na ndani yake mna punje za sukari zinazoyeyuka zikaunguzwa kidogo. Mimi niko upande wa Liège. Zile zenye malai, stroberi na chokoleti juu, zinazouzwa karibu na kisanamu, ni mtego wa wageni. Bei yake hupandishwa na mapambo.

Siku iliyofuata tulikwenda Matonge, mtaa wa Ixelles ulioitwa kwa jina la Matonge ya Kinshasa. Pale hakuna kisichopatikana: makayabu, sombe iliyotwangwa na kugandishwa, mawese, kalanga, chikwange iliyofungwa kwenye majani yake. Kwenye Galerie d'Ixelles wanasuka nywele mpaka jioni. Kilingala ndicho kinachotawala. Tulipokuwa tunabishana bei kwa Kiswahili, mama mmoja aligeuka kwa mshangao akauliza: "Nyinyi ni wa Bukavu?" Nikamwambia, wa Maniema. Akasema, "Aa, wa mchele!" Mnaona? Tunajulikana.

Karibu na hapo, Porte de Namur, kuna uwanja wa Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Ni mdogo, ni kibao na nafasi ya kupita watu, lakini Baba Furaha alitaka tupigwe picha chini ya kibao chenyewe, na alisimama wima kama mbele ya sheha wa zamani. Babu yake alikuwa akisimulia kuhusu Lumumba kijana aliyefanya kazi Kindu kabla hajajulikana. Tulikula karatasi nyingine ya frite pale, kwa heshima zote.

Na sasa niwaambie lile ambalo picha hazikuonyesha. Jumamosi wifi alitupeleka kwenye bustani ya Cinquantenaire. Ndani yake, upande mmoja, uko msikiti mkubwa wa Brussels. Jengo lake lilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya karne ya 19, na mwaka 1967 mfalme wa Ubelgiji akalikabidhi kwa mfalme wa Saudia. Wifi aliingia kuswali. Sisi tukazunguka na watoto, kila mmoja na gofre yake. Jirani na msikiti tukakuta mnara wa mawe meupe, wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, kuwasifu Wabelgiji waliokwenda Kongo. Mtoto wangu mkubwa akasoma maandishi kwa Kifaransa: yanasema ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Neno la Mwarabu limekwaruzwa. Limefutwa, likachongwa tena, likafutwa tena, kwa miaka. Jiwe pale limechoka.

"Mama, hao Waarabu walikuwa wapi?"

Nikamwambia: kwetu. Kasongo. Bibi yake mama yangu alizaliwa kwa watu wale.

Mnaijua hadithi, lakini haijawahi kunijia vile ilivyonijia pale na sukari vidoleni. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, kisha wa mwanawe Sefu bin Hamed. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yaliuteka tarehe 22 Aprili 1893. Daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, aliandika kitabu mwaka 1897, na ukikisoma utadhani alikwenda kutembea na kula. Anasimulia maghala yaliyojaa mchele na kahawa na mahindi, bustani zilizopangwa vizuri, machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe. Ndani ya nyumba mlikuwa na sukari, mishumaa, bilauri. Askari walilala juu ya magodoro ya hariri. Waliingia wakala, wakatembea bustanini, wakaandika kwamba mji ni mzuri.

Wenyeji wa mji ule hawakuwa malaika. Watumwa walipita Kasongo wakiwa wamefungwa, na wengi walikuwa babu zetu upande wa pili; katika damu yetu wako waliofunga na waliofungwa, na mchele tunaojivunia uliota kwa jasho la hao waliofungwa. Sitaki wanangu wafiche hilo ili wapate kuwalaumu Wabelgiji vizuri zaidi. Lakini mnara ule unawaambia kwamba Kasongo ilikuwa mahali pa kuangamizwa tu, hausemi kama palikuwa na bustani, na wala hausemi nani alikula yale machungwa. Anderlecht, anakoishi wifi, uko mtaa wa Sergent De Bruyne, yule aliyeuawa Kasongo mwaka 1892. Wanangu wamepita pale wakienda kununua nyama kwenye soko la machinjio, wasijue kwamba kibao kile kinazungumza habari za kwao.

Mkubwa akafikiri, akasema: "Kwa hiyo wao walikula kwetu, na sisi tunakula kwao." Mdogo wake akamsahihisha: "Sisi tumelipa." Tukacheka mpaka wifi alipotoka msikitini akauliza kuna nini.

Jioni alipika sombe ya kalanga na wali, na samaki aliyenunua Matonge. Nilitegemea watoto watasema wanataka frite. Walikula sombe, wakaomba tena, halafu wakaomba frite.

Mama, umeomba chokoleti. Nilinunua, ipo. Lakini fikiria safari yake: ndege mpaka Bujumbura, gari mpaka Uvira, Baraka, Fizi, kisha pikipiki kwenye tope lile. Ikifika Lulimba itakuwa mchuzi. Nitamkabidhi huyo anayesafiri kitenge na dawa zako za presha, na chokoleti tutaila hapa kwa jina lako.

Baba mdogo, kwako nina ombi. Tukijaliwa kuja, na njia ikiwa salama, nataka watoto watembezwe Tongoni, palipokuwa Kasongo ya zamani. Watembezwe kama tulivyotembea Brussels, bila kuharakishwa, na mtu anayejua kueleza nini kilikuwa wapi. Ulizia wazee wa Kasongo ni nani bado anazijua sehemu zile, umpatie cha kumshukuru, nitarudisha. Chakula cha njiani afunge shangazi: mikate ya kukaanga, kalanga, maembe kama ni msimu wake. Na aamue yeye kama tutakaa chini ndipo tule.

Wenu,
Mama Furaha