Bima ndogo ya gari humlipa nani?

WAMILIKI wengi wa magari nchini hukata bima kwa sababu moja tu, nayo ni kumwogopa askari wa usalama barabarani. Hulipa, huhakikisha namba ya gari inasomeka katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kisha husahau hadi mwaka unaofuata. Ajali inapotokea ndipo hugundua kwamba walichokinunua hakikuwa kwa ajili yao.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka gari linalotembea barabarani liwe na bima ya kumfidia mtu wa tatu, yaani yule atakayeuawa au kujeruhiwa nalo. Hiyo ndiyo mitaani huitwa bima ndogo. Kwa gari binafsi imekuwa ikitozwa Sh100,000, na ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 18 hufika Sh118,000. Gari lenyewe likipondeka, mwenyewe hujitengenezea.

Anayetaka na gari lake lifidiwe hukata bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi hukadiriwa kwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la Sh20 milioni hulipiwa Sh700,000 kabla ya kodi. Kwa kipato cha Mtanzania wa kawaida, si ajabu wengi wakaishia kwenye bima ndogo, na mwandishi huyu hana ubavu wa kuwalaumu.

Linalosikitisha liko upande wa pili. Mtembea kwa miguu aliyevunjwa mguu Mbagala au Buguruni mara nyingi humalizana na dereva kandoni mwa barabara kwa fedha ya dawa na nauli. Hajui kuwa bima ile ilikatwa kwa ajili yake. Sheria inaibana kampuni ya bima ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa kifo au majeraha, hata pale ambapo ingeweza kumkana mteja huyo, mradi iwe imearifiwa mapema kuhusu kesi. Baadaye kampuni inaweza kumdai mteja wake, lakini huo si mzigo wa majeruhi.

Kwa hiyo majeruhi, au ndugu zake, wanapaswa kushika namba ya gari, kuchukua PF3 na kufuatilia ripoti ya polisi. Dereva naye hana faida na mapatano hayo ya chinichini: hati nyingi za bima humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Aliyekata bima ya matumizi binafsi, kisha akageuza gari kuwa teksi, naye amejiwekea mtego. Kampuni ikisuasua kulipa, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ilimweka Msuluhishi wa kusikiliza migogoro ya namna hiyo.

Tukiingia ndani ya geti, ulazima huo haupo. Wenye nyumba wengi waliokata bima walidaiwa na benki walipokopa, na hawajawahi kusoma hati waliyotia saini. Kuna kifungu cha wastani ambacho huwaumiza wengi. Chukulia nyumba ambayo kuijenga upya ni Sh100 milioni, lakini mwenyewe ameikatia bima ya Sh50 milioni ili alipe kidogo. Moto ukiteketeza vyumba vya thamani ya Sh20 milioni, kampuni itampa Sh10 milioni, kwa kuwa alikata bima ya nusu. Mafuriko nayo hayafidiwi kama hayakutajwa katika hati.

Tena ukuta ukiangukia watoto wa jirani wakati wa masika, anayewajibika kwa uzembe ni mwenye ukuta. Gari lililowajeruhi watoto haohao hatua chache nje ya geti lingekuwa na bima kwa amri ya sheria. Ukuta hauna, isipokuwa mwenyewe aliomba kifungu cha dhima kwa watu wengine kiingizwe katika hati yake.