Arosto ya Kidonge cha Daktari

Hoja za watetezi wa vidonge vya wasiwasi mmezisikia. Husemwa kwa upole, kama vidonge vyenyewe vinavyofanya kazi: Valium (yaani diazepamu) na jamaa zake lorazepamu na alprazolamu ni dawa nyepesi, zinatuliza moyo, zinaleta usingizi, na mwenye cheti cha daktari hana la kuogopa. Nimezisikiliza hoja hizo hadi mwisho. Nazileta mbele yenu moja moja, mpime wenyewe.

Wanaanza na umri. Dawa hizi, wanasema, zimetumika zaidi ya miaka 60; zingekuwa na ubaya, ungeshajulikana. Naam, ulijulikana, tena mapema. Librium, ya kwanza katika ukoo huu, iliingia sokoni mwaka 1960. Mwaka uliofuata daktari Leo Hollister wa California alieleza habari za wagonjwa 11 waliokuwa wakipewa dozi kubwa ya dawa hiyo, kisha wakakatishwa ghafla. Kumi walipata dalili mpya, na wawili wakaanguka kifafa. Valium ilikuwa bado haijaanza kuuzwa, ilianza 1963. Onyo lilitangulia bidhaa. Hata hivyo, mwaka 1978 pekee Marekani iliuza vidonge vya Valium zaidi ya bilioni mbili. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri dawa hizi zisitumike zaidi ya wiki mbili hadi nne. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilifika Septemba 2020 ndipo ikaagiza onyo zito la utegemezi liwekwe kwa kundi zima. Anayetaja miaka 60 kama cheti cha tabia njema ameshika hati ya mashtaka. Na kwetu onyo lenyewe mara nyingi halifiki nyumbani: muuzaji wa duka la dawa anakata vidonge kumi kwa mkasi, anavitia kwenye bahasha ya kaki, na karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi.

Hoja ya pili: anayenaswa ni mlevi, yule anayezidisha dozi, si mama wa heshima anayemeza kimoja usiku. Kweli, wanaozitumia kama ulevi wapo, na vijana wa vijiweni Mombasa wanaozitafuta kwa jina la mtaani la "bugizi" hawazitafuti ili walale salama. Lakini mwaka 1981, mjini London, Petursson na Lader waliwaachisha dawa wagonjwa 16 waliokuwa wamezitumia muda mrefu kwa dozi za kawaida za daktari. Wote 16 walipata dalili za kuachishwa. Sababu haihusiani na maadili. Dawa hizi huipa nguvu GABA, kemikali inayofanya kazi kama breki ya ubongo. Ubongo ukizoea kusaidiwa kukanyaga, breki yake hulegea. Ukiondoa msaada ghafla, gari linateremka mlima. Mwili hausomi cheti cha daktari.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na wengi wanaoisema ni wakweli: "Nilipoacha, wasiwasi ulirudi, basi bado naihitaji." Inawezekana kabisa, ugonjwa hurudi. Lakini mtu huyo aulizwe: mikono kutetemeka, jasho, mwanga kuuma macho, sauti ya sufuria kumshtua kama bomu, hayo alikuwa nayo kabla ya kidonge cha kwanza? Kama hakuwa nayo, hayo si marejeo, ni mageni. Kisha atazame kalenda. Lorazepamu na alprazolamu hutoka mwilini haraka, na dalili huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Diazepamu hukawia, na dalili zake huweza kuchelewa hata wiki. Mgonjwa ameshajipongeza kwamba ameacha salama, ndipo zinapomkuta. Teja wa heroini naye hutulia akipata. Hakuna anayesema utulivu huo ni ushahidi kwamba alikuwa na upungufu wa heroini. Hali yake akiikosa tunaiita arosto. Ikimpata mwenye bima ya afya tunaiita "ugonjwa umerudi".

Hapa tazameni mkanganyo wao. Mwanzoni wanasema kidonge ni chepesi, kama chai ya mchaichai. Katika hoja ya tatu hakiachiki. Wachague moja.

Ya nne wanaitoa kwa ushindi: hakuna anayekufa kwa Valium peke yake. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na neno la kuchunga ni "peke yake". Nani humeza peke yake? Pombe nayo hupunguza kasi ya pumzi, tramadoli vilevile, na vikikutana na kidonge hiki mtu huweza kusahau kupumua usingizini. Kuhusu kuzichanganya na dawa za jamii ya afyuni, FDA ilitoa onyo lake zito kabisa mwaka 2016. Kwa wazee, hatari iko njiani kuelekea choo usiku: kichwa kizito, mguu mlegevu, nyonga kuvunjika.

Mwisho hupeperusha orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Diazepamu imo, wanasema. Imo, na inastahili kuwamo: humwokoa mgonjwa ambaye kifafa kimekataa kukatika, na hilo silibishii. Ila waifungue sehemu ya wasiwasi katika toleo la 2023. Diazepamu imewekewa sharti: muda mfupi, hali ya dharura, dalili kali tu. Shahidi wao mkuu anatoa ushahidi upande wangu.

Wewe unayevimeza kila siku, usiviache usiku wa leo kwa sababu ya makala haya. Kukatisha ghafla ndiko kulikowaangusha wagonjwa wa Hollister. Huko Newcastle, daktari Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuachisha dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994, na njia yake ilikuwa kupunguza kidogo kidogo, mara nyingi kwa miezi. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, umuulize: nitamaliza lini, na nitapunguzaje?